Uru

Mwalimu Kihiyo aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza,
almasi kwa lugha yetu, kisha akapangusa chaki kwenye suruali:
"Neno halitembei peke yake.
Nendeni mkalitafutie jamaa zake. Kumi. Kesho asubuhi."

Hadi alasiri nilikuwa na manne,
kutoka kamusi ya shule isiyo na jalada.
Almasi isiyochongwa: mtu mwema, ila chai huinywa kwa kelele.
(Nikamkumbuka mjomba Mhina, nikaandika haraka.)
Almasi nyeusi: makaa ya mawe.
Jubilei ya almasi: miaka sitini ya mfalme,
au ya ndoa, wakijaliwa.
Almasi hukata almasi: mjanja kakutana na mjanja.
Hapo kamusi ikaniacha. Ukurasa uliofuata
mtu alishaufungia karanga.

Jikoni, kisu cha mama kilikwenda mshazari juu ya sinia,
kikarudi mshazari mwingine.
"Mama, umbo hili unaliitaje?"
"Hii? Kashata."
"Nauliza umbo lake."
"La kashata."
Nikamwambia Waingereza huliita almasi.
Akacheka hadi akaweka kisu chini.
"Kumbe mimi tajiri, na hii Barabara ya Kumi na Nne yote
inanikopa almasi, hailipi!"

Nikaandika la kashata. Nikalifuta.

Barazani karata zilikuwa zimepamba moto.
Baba ameshika saba ya uru, ameificha nyuma ya kopa.
"Baba, uru kwao ni almasi."
"Uru ni uru," akadakia Mzee Hemedi Feruzi,
"usituchanganyie mchezo.
Almasi ni huyu hapa, anayeniibia tangu saa kumi."

Sote tukacheka. Na kicheko hicho
ndicho kilichonipa ujinga wa kuuliza:
sisi ukoo wa Almasi, nyinyi ukoo wa Feruzi,
fundi cherehani wa kona ile ni Marijani,
na wale wa dukani baba yao Johari.
Mababu zetu walikuwa wanauza vito?

Karata ya Mzee Feruzi ilibaki hewani.

"Hawakuuza," baba akasema. "Waliuzwa."

Hakuinua macho. Alizipanga karata zake
zilizokuwa zimepangwa tayari.
"Pangani. Aliyewanunua alipenda vitu vizuri.
Huyu akamwita Feruzi, yule Almasi,
kama mtu anayetunga mkufu.
Jina alilokuja nalo babu wa babu yangu
hakuna aliyeliuliza."

Nilitaka kusema kitu. Pikipiki ikapita, ikatumwagia vumbi.
Mzee Feruzi akasafisha koo.
"Zamu yako, Shaibu."
Baba akatupa ile saba ya uru, mahali ambapo
hata mimi nisiyejua karata niliona haikufaa.
Wakamla. Hakubisha.

Usiku nikaandika la tano, kwa kalamu, si penseli:
Almasi: mtu ambaye jina lake la kwanza halijulikani.
Matano yaliyobaki nikayaacha wazi.

Asubuhi Mwalimu Kihiyo akapita na kalamu nyekundu.
Vema, vema, vema, vema.
Kwenye la tano akasita. Akalisoma tena, midomo ikicheza.
"Hili umelitoa kamusi gani?"
"Halimo, mwalimu."
Hakuweka vema. Hakuweka kosa.
Akarudi mezani, akafungua daftari la mahudhurio,
akaita majina kwa sauti ndogo kuliko ya jana,
na alipofika kwangu akaita lote:
"Nuriati Shaibu Almasi."

"Nipo."

Mfukoni nilikuwa na kashata za ukingoni,
zile kisu kinapoishia, mama haziuzi.
Mbili za pembe tatu,
moja haina umbo lolote.
Kengele ya mapumziko ilipolia
nilianza na hiyo.